Okotoks-High River, 1937: Jimbo Lililotaka Kumwondoa Waziri Mkuu Wake

Mwaka 1937, wapiga kura wa jimbo la uchaguzi la Okotoks-High River, kusini mwa mkoa wa Alberta nchini Kanada, walianza kukusanya saini za kumwondoa bungeni mbunge wao. Mbunge huyo alikuwa William Aberhart, Waziri Mkuu wa mkoa mzima, na sheria waliyoitumia ilikuwa imepitishwa mwaka uliotangulia na serikali yake mwenyewe. Kabla ya jambo hilo kufika mwisho, bunge la mkoa liliifuta sheria na kutamka kwamba ufutaji unahesabiwa tangu siku sheria ilipoanza kutumika, 3 Aprili 1936, ikawa kana kwamba haikuwahi kuwapo. Aberhart akaendelea kulishika jimbo hilo hadi uchaguzi mkuu wa 1940.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama habari ya mtu mmoja aliyeahidi uwajibikaji kisha akaukimbia ulipomgeukia. Simulizi hiyo si ya uongo, lakini inaacha swali kubwa bila jibu: kwa nini ilitokea hapo, katika jimbo la wakulima na wafugaji, na si katika mojawapo ya majimbo mengine mengi ambayo chama tawala kilikuwa kimeyachukua? Kwa maoni yangu jibu limo katika historia ya jimbo lenyewe, na hasa katika jambo moja ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka: watu wa Okotoks-High River hawakuwahi kumpigia kura Aberhart hata mara moja.

Alberta ilipata hadhi ya mkoa tarehe 1 Septemba 1905, na High River lilikuwa miongoni mwa majimbo 25 ya kwanza ya bunge lake. Jimbo la Okotoks lilikatwa baadaye, mwaka 1909. Miji yote miwili iko kusini mwa Calgary, Okotoks ukiwa karibu zaidi, kando ya Mto Sheep, na High River ukiwa kando ya Mto Highwood. Upande wa magharibi vilima hupanda kuelekea Milima ya Rocky, na huko ndiko yalikokuwa mashamba makubwa ya ng'ombe kama Bar U; Mwanamfalme Edward, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza, alinunua shamba lake huko mwaka 1919. Upande wa mashariki ni tambarare za ngano. Katikati, kwenye bonde la Turner Valley, kisima cha kwanza chenye manufaa kilitoa mafuta mepesi na gesi mwezi Mei 1914. Kwa hiyo jimbo hili la mashambani halikuwa na sura moja: lilikuwa na matajiri wa mifugo, wakulima wa ngano wenye madeni, wenye maduka wa miji midogo, na wafanyakazi wa mafuta wanaolipwa mshahara.

Kwa miaka mingi sauti ya Okotoks bungeni ilikuwa ya George Hoadley. Alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1909 kama Mhafidhina, akawahi kukiongoza chama hicho bungeni, kisha mwaka 1921 akahamia kwa United Farmers of Alberta, kwa kifupi UFA, chama cha wakulima kilichoshinda uchaguzi wa mwaka huo na kutawala hadi 1935. Hoadley alikuwa Waziri wa Kilimo na baadaye pia wa Afya. Jina lake limebaki kwenye kazi mbili zisizolingana hata kidogo: mipango ya mwanzo ya bima ya afya ya umma, na Sheria ya Kufunga Uzazi ya 1928, ambayo chini yake maelfu ya watu walifanyiwa upasuaji hadi ilipofutwa mwaka 1972. Mwaka 1930 majimbo ya Okotoks na High River yaliunganishwa kuwa Okotoks-High River, na Hoadley akaendelea kuliwakilisha.

Ni lazima kueleza hapa kwamba wazo la kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha halikuletwa Alberta na Aberhart. Wakulima wengi waliohamia huko walitoka Marekani au walisoma magazeti ya wakulima wa huko, na walibeba imani kwamba vyama vya siasa ni mali ya mabenki, makampuni ya reli na wafanyabiashara wa nafaka. Mwaka 1913 Alberta ilipitisha sheria iliyowawezesha wananchi kupendekeza sheria kwa kukusanya saini, na kwa njia hiyo kura ya kupiga marufuku pombe ilifanyika mwaka 1915. Baraza la Rufaa la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Kanada wakati huo, liliibatilisha sheria ya namna hiyo ya mkoa wa Manitoba mwaka 1919, lakini ile ya Alberta ilipofikishwa mbele yake mwaka 1922 iliponea. UFA nayo ilifundisha kwamba mbunge ni mjumbe aliyetumwa, na baadhi ya wagombea wake walitakiwa kutia saini ahadi ya kujiuzulu iwapo jumuiya ya jimbo itapoteza imani nao. Ilikuwa ni ahadi ya heshima tu, isiyo na nguvu ya sheria, lakini iliwazoesha watu wa vijijini kuona kwamba kiti ni chao.

Njia ya kupiga kura nayo ilikuwa na mchango wake. Kuanzia uchaguzi wa 1926 hadi ule wa 1955, mpiga kura wa kijijini Alberta aliwapanga wagombea kwa namba kulingana na alivyowapenda, na mshindi alipaswa kufikisha zaidi ya nusu ya kura, ikibidi kwa kugawa upya kura za walioshika mkia. Calgary na Edmonton zilikuwa na utaratibu tofauti, wa jimbo moja lenye wabunge kadhaa kwa uwiano wa kura. Mtu wa Okotoks-High River, basi, alikuwa amezoea kwamba mbunge halali ni yule aliyekubaliwa na wengi wa majirani zake.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi. Bei ya ngano ilishuka chini ya senti 40 kwa busheli mwishoni mwa 1932, ukame ukakausha mashamba ya kusini, na madeni yaliyokopwa wakati wa bei nzuri yakabaki palepale na riba zake. Serikali ya UFA ilichoka, na mwaka 1934 Waziri Mkuu wake, John Brownlee, akajiuzulu kwa kashfa iliyofikishwa mahakamani. Katika hali hiyo Aberhart, mwalimu mkuu wa shule ya sekondari mjini Calgary na mhubiri aliyekuwa akisikika redioni kila Jumapili tangu 1925, alianza kuchanganya mahubiri yake na nadharia ya Meja C. H. Douglas, mhandisi wa Uingereza, aliyedai kwamba umaskini katikati ya wingi wa bidhaa unasababishwa na mabenki kushikilia mikopo. Aberhart aliahidi kila mtu mzima gawio la dola 25 kwa mwezi. Tarehe 22 Agosti 1935 chama chake cha Social Credit kilipata viti 56 kati ya 63. UFA haikupata hata kimoja, na kiti cha Okotoks-High River kikaenda kwa William Morrison wa Social Credit.

Aberhart mwenyewe hakugombea popote. Alikuwa amekipeleka chama chake kwenye ushindi bila jina lake kuwa kwenye karatasi yoyote ya kura, na sasa alihitaji kiti ili aongoze serikali kutoka bungeni. Morrison alijiuzulu, uchaguzi mdogo ukaitishwa, na tarehe 4 Novemba 1935 Aberhart akapita bila kupingwa. Kumwachia kiongozi wa serikali kiti bila kumpinga ni desturi ya zamani ya mabunge yanayofuata mfano wa Uingereza, na mwaka ule haikumshangaza mtu. Lakini tazama maana yake kwa mpiga kura wa jimbo hilo. Mwezi Agosti alimchagua Morrison kwa utaratibu uliodai zaidi ya nusu ya kura. Mwezi Novemba akapewa mtu wa Calgary asiyelima, asiyefuga na asiyeishi hapo, na hakuulizwa. Wapo waliofurahi, bila shaka, kwa kuwa kuwakilishwa na Waziri Mkuu kunaweza kuleta barabara na shule. Hata hivyo kibali chenyewe kilikuwa cha kukopa. Morrison ndiye aliyekuwa nacho, na hakuwa na uwezo wa kumhamishia mwingine.

Kikao cha kwanza cha bunge jipya, mwanzoni mwa 1936, ndicho kilichopitisha sheria ya kumwondoa mbunge. Aliyetaka kuanzisha ombi alitakiwa kuweka dhamana ya dola 200 na kukusanya, ndani ya siku 40, saini za theluthi mbili ya wapiga kura wote walioandikishwa katika jimbo. Masharti hayo yanastahili kupimwa kwa utulivu, kwa sababu yanaonyesha kwamba waandishi wa sheria hawakutarajia itumike. Dola 200, kwa bei ya ngano ya mwishoni mwa 1932, ni zaidi ya busheli 500. Siku 40 ni muda mfupi mno kwa kuzunguka mashamba yaliyotawanyika kwa njia za udongo. Na theluthi mbili ni ya walioandikishwa, si ya waliopiga kura. Katika uchaguzi wa 1935, ambao mwitikio wake ulikuwa mkubwa ajabu, takriban asilimia 82 ya walioandikishwa walijitokeza, na Social Credit ikapata karibu asilimia 54 ya kura mkoani kote. Ukifanya hesabu, ushindi ule mkubwa uliungwa mkono na kiasi cha asilimia 44 ya walioandikishwa. Kumwondoa mbunge mmoja, kwa hiyo, kulihitaji umoja wa watu mkubwa kupita ule ulioiweka serikali nzima madarakani.

Pamoja na ugumu huo, mwaka mmoja ulitosha kuwafikisha watu hapo. Mwezi Aprili 1936 Alberta ilishindwa kulipa hati fungani zilizoiva zenye thamani ya dola milioni 3.2, ikawa mkoa wa kwanza wa Kanada kufikia hali hiyo, na baadaye serikali ikapunguza kwa nusu riba iliyokuwa ikiwalipa wenye hati zake. Mwezi Agosti ilitoa vyeti vya ustawi, aina ya noti za mkoa ambazo mwenye nazo alipaswa kuzibandika stempu ya asilimia moja kila wiki ili zisipoteze thamani. Wenye maduka walizikataa, na mpango ukafa. Wananchi waliombwa kutia saini hati za kuahidi kushirikiana na serikali ili wapate gawio, wakatia saini, gawio lisije. Aberhart alikuwa ameomba miezi 18 kutimiza ahadi yake. Miezi hiyo ilipokwisha mwanzoni mwa 1937, hata wabunge wake wa viti vya nyuma waliasi, wakazuia bajeti, na wakatulizwa tu kwa kuundiwa bodi ya kusimamia nadharia ya Douglas.

Wabunge wote wa Social Credit walikuwa katika shinikizo hilo, na katika majimbo mengi mpiga kura aliyekata tamaa angeweza kusema kwamba mbunge wake naye alidanganywa. Okotoks-High River haikuwa na nafasi ya kusema hivyo. Mbunge wake alikuwa ndiye mwenye ahadi. Tena kulikuwa na makundi mawili yenye nguvu ambayo majimbo mengine ya kijijini hayakuwa nayo kwa kiwango hicho. La kwanza ni wafugaji wakubwa, watu ambao hawakuwahi kuipenda nadharia ya Douglas na waliokuwa na fedha na muda wa kupanga kampeni. La pili ni sekta ya mafuta. Mwezi Juni 1936 kisima kipya cha Turner Valley kilifikia mafuta ghafi, na wawekezaji wakamiminika. Watu hao walitegemea mikopo ya mabenki na soko la hisa la Calgary, na serikali iliyotishia mabenki ilikuwa tishio kwao pia. Ongeza gazeti la kila wiki la High River Times, la familia ya Clark, lenye wasomaji waaminifu mashambani. Mjukuu wa mwanzilishi wake, Joe Clark, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1939, alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Kanada.

Hapo ndipo serikali ilipopata utetezi wake. Ilidai kwamba kampeni ya saini haikuwa ya wananchi wa kawaida. Kwamba makampuni ya mafuta yaliwashinikiza wafanyakazi wao kutia saini, na kwamba watu waliohamia kwa ajili ya kazi walikuwa wakihesabiwa kama wenyeji. Sioni busara ya kuutupa utetezi huu bila kuupima. Mfanyakazi wa kisima anayepelekewa karatasi na msimamizi wake hana uhuru uleule alio nao akiwa peke yake kwenye kibanda cha kura, na sheria ya 1936 ilikuwa na kasoro ya kweli katika hili: saini si siri. Jina lako linabaki kwenye karatasi, jirani analiona, mwajiri analiona, na serikali yenyewe inaliona. Udhaifu huo humuumiza kila upande, kwa sababu mtu anayetegemea msaada wa serikali naye huogopa kutia saini dhidi ya Waziri Mkuu.

Lakini dawa ya kasoro hiyo ilijulikana. Serikali ingeweza kurekebisha sheria ili saini zihakikiwe, au iwe ni hatua ya kwanza tu inayofuatwa na kura ya siri. Ingeweza kuweka adhabu kwa mwajiri anayeshurutisha. Ingeweza hata kuifuta sheria kwa siku zijazo na kuliacha ombi lililokwisha kuanza liende hadi mwisho wake. Haikufanya lolote kati ya hayo. Katika kikao cha vuli cha 1937 bunge liliifuta sheria kwa nguvu ya kurudi nyuma hadi siku yake ya kwanza, hatua ambayo haina kazi nyingine isipokuwa kulifisha ombi lililokuwa mikononi mwa watu. Aliyekuwa na dhamana ya kuishauri serikali kuhusu sheria wakati huo, Mwanasheria Mkuu wa mkoa, alikuwa Aberhart mwenyewe: alijitwalia wadhifa huo mwezi Agosti baada ya kumwondoa John Hugill, ambaye alikuwa amemwambia Luteni Gavana, mwakilishi wa Taji mkoani, wazi kwamba baadhi ya miswada ya serikali haikuwa halali kikatiba. Mtu huyohuyo alikuwa mbunge anayetakiwa kuondolewa, kiongozi wa wingi unaopiga kura ya kufuta, na msimamizi wa sheria ya kumwondoa.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini hakuna aliyemzuia. Mwaka ule ule alizuiwa mara kadhaa katika mambo mengine. Tarehe 17 Agosti 1937 serikali kuu ya Ottawa ilizibatilisha sheria zake tatu zilizogusa mabenki na mahakama. Tarehe 5 Oktoba Luteni Gavana John Bowen alikataa kuidhinisha miswada mingine mitatu, ukiwamo ule wa kuyalazimisha magazeti kuchapisha taarifa za serikali na kutaja vyanzo vyao vya habari, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikaja kusema mwaka 1938 kwamba haikuwa ndani ya mamlaka ya mkoa. Kwa kupinga mswada huo, gazeti la Edmonton Journal lilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1938, na vyeti vikatolewa kwa magazeti mengine ya kila siku ya Alberta pamoja na ya kila wiki takriban 90.

Tofauti iko katika nani aliyeguswa. Mabenki yalikuwa chini ya mamlaka ya Ottawa kwa mujibu wa katiba ya 1867, na yalikuwa na mawakili. Magazeti yalikuwa na sauti. Sheria ya kumwondoa mbunge ilihusu jinsi bunge la mkoa linavyojipanga lenyewe, jambo ambalo katiba hiyohiyo iliuachia mkoa, na Kanada ya wakati huo haikuwa na hati ya haki ambayo mpiga kura angeweza kuisimamisha mbele ya jaji. Ottawa haikuigusa sheria ya kufuta. Wapiga kura wa jimbo moja walipokonywa haki waliyopewa kwa sheria, na njia zote zilizofunguka kwa ajili ya benki na gazeti zilikuwa zimefungwa kwao. Naliona hili kuwa sehemu chungu zaidi ya kisa chote, na nashangaa kwamba vitabu vya historia huitaja katika sentensi moja, vikikimbilia mgogoro wa mabenki.

Wapo pia waliokuwa nje ya ugomvi huu kabisa. Ardhi ya jimbo hilo iko ndani ya eneo la Mkataba wa Saba wa 1877, uliotiwa saini kati ya Taji la Uingereza na mataifa ya wenyeji, Siksika, Kainai, Piikani, Tsuut'ina na Stoney Nakoda. Wenyeji waliosajiliwa chini ya Sheria ya Wahindi, jina ambalo sheria za Kanada ziliwaita wenyeji hao, hawakuwa na kura katika chaguzi za Alberta hadi 1965. Daftari ambalo theluthi mbili yake ilitafutwa mwaka 1937 halikuwa na majina yao, na tunapozungumza juu ya mapenzi ya wananchi wa Okotoks-High River inatupasa kukumbuka ni wananchi gani.

Uchaguzi mkuu wa 21 Machi 1940 ulipofika, Aberhart hakurudi kuomba kura huko. Alihamia Calgary, ambako utaratibu wa uwiano ulimwezesha mgombea kupata kiti kwa kuungwa mkono na sehemu tu ya wapiga kura wa mji, na akachaguliwa. Chama chake kilibaki madarakani kwa viti 36 kati ya 57. Hivyo jimbo lililotaka kumhukumu halikupata kumhukumu kwa njia yoyote: mwaka 1935 hakupingwa, mwaka 1937 sheria ilifutwa, na mwaka 1940 aliondoka mwenyewe. Alifariki tarehe 23 Mei 1943 akiwa bado Waziri Mkuu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya utulivu zaidi. Chini ya Ernest Manning, mwanafunzi na mrithi wa Aberhart, Social Credit iliachana na nadharia ya fedha na kuwa chama cha kihafidhina chenye kutegemea mapato ya mafuta. Kuanzia 1944 hadi 1955 Okotoks-High River liliwakilishwa na Ivan Casey, aliyekuwa Waziri wa Elimu, na baadaye likawa na Ernest Hansell, kisha Edward Benoit, wote wa Social Credit. Ugunduzi wa mafuta ya Leduc mwezi Februari 1947 ulihamisha uzito wa Alberta kutoka mashambani kwenda mijini, na kila mipaka ilipokatwa upya majimbo ya vijijini yalipungua au yalipanuka. Kwa uchaguzi wa 1971 viti viliongezwa kutoka 65 hadi 75 ili kuipa miji haki yake. Okotoks-High River likafutwa, na eneo lake kubwa likaingia katika jimbo jipya la Highwood. Uchaguzi huohuo uliumaliza utawala wa miaka 36 wa Social Credit.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa tayari amekumbuka sheria za kwetu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 104, inawapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge, lakini ikaliachia Bunge kuandika utaratibu, na Bunge likaweka masharti ambayo Mahakama Kuu iliyaona mwaka 2017 kuwa kikwazo kwa haki yenyewe, ikabatilisha baadhi ya vifungu. Uganda iliiweka haki hiyo katika Katiba ya 1995, kisha marekebisho ya 2005 yakaifunga itumike tu chini ya mfumo wa Vuguvugu, yaani siasa zisizo za vyama, ambao ulikuwa umeachwa. Njia hizo ni tofauti na ile ya Alberta, kwa kuwa hapa kwetu haki imeandikwa katika katiba, na mwananchi wa Kenya aliweza angalau kwenda mahakamani. Kinachofanana ni kwamba waliokabidhiwa kuandika masharti ya kumwondoa mbunge ni wabunge.

Highwood nalo lina sura yake katika habari hii. Mwaka 2012 lilimchagua Danielle Smith, kiongozi wa chama cha upinzani cha Wildrose. Mwezi Desemba 2014 alihamia chama tawala pamoja na wabunge wenzake, na miezi michache baadaye wanachama wa chama chake kipya katika jimbo hilo wakamkataa kwenye kura ya maoni. Hakukuwa na sheria ya kumwondoa mbunge wakati huo. Kura ya ndani ya chama ndiyo iliyofanya kazi hiyo, na iliifanya kwa sababu uchaguzi ulikuwa karibu.

Alberta ilitunga tena sheria ya kumwondoa mbunge mwaka 2021, ikaanza kutumika mwaka 2022. Kwa mbunge wa mkoa ilidai saini za asilimia 40 ya wenye haki ya kupiga kura katika siku 60, na, tofauti na ile ya 1936, saini zikitimia hufuatiwa na kura ya jimbo kabla ya kiti kutangazwa wazi. Mwaka 2025, Smith akiwa sasa Waziri Mkuu, masharti yalibadilishwa kuwa asilimia 60 ya idadi ya waliopiga kura katika uchaguzi uliopita, kwa siku 90, na kabla ya mwaka huo kwisha maombi kadhaa yalikuwa yameanzishwa dhidi ya wabunge wa chama chake. Kasoro ya saini isiyo ya siri imepunguzwa kwa ile hatua ya pili ya kura. Ile nyingine haijaguswa: sheria ya sasa, kama ya Aberhart, ni sheria ya kawaida ya bunge, na wingi wa kawaida wa wabunge unatosha kuifuta hata wakati ombi likiwa mikononi mwa wananchi.